Riwaya yangu haina jalada, mwandishi ni "...Mohamed", na nitajieni wengine wasiotajwa sana

PekuaKurasa:
Wakuu habari za jumapili. Wiki mbili nyuma nilishuka Dar kikazi nikapita Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini pembeni ya barabara, nikaokota riwaya moja kwa buku mbili jero. Jalada hamna, kurasa za mbele hamna, na za mwisho nazo zimenyofoka, kwenye uti wa kitabu limebaki neno moja tu linalosomeka, Mohamed. Ndani kuna mhuri wa maktaba ya shule umefifia na mtu kaandika kwa peni ya bluu "usipokirudisha sikuazimi tena" kwaiyo nadhani hakikurudishwa 😂

Mimi nikisema nimesoma fasihi ya kiswahili maana yake nimesoma vile vya shule, vile unavyosoma huku unawaza swali la "fafanua dhamira tano". Hiki nimekisoma bila mtu kuniuliza dhamira hata moja na nimekesha nacho siku mbili. Kuna msichana anaitwa Rehema, baba yake ana mashamba lakini binti anakua kama vile si wa nyumba ile, anateseka mpaka anaishia mjini, baadae anakuja kukutana na Sulubu, mtu wa jembe hasa, na hapo ndo kitabu kinanoga. Sasa mambo ya shamba yamepamba moto, ukurasa unaofuata hakuna. Nimegugo "Rehema riwaya" naletewa nyimbo za injili tu.

Maswali mawili. Hiki ni kitabu gani? Na pili, nipeni waandishi wengine wa hivi ambao hawatajwitajwi, hadithi na mashairi. Shaaban Robert na Kezilahabi nawaheshimu ila hao nishawajua.

MsafiriWaNgalawa:
Ndugu yangu hicho ni Nyota ya Rehema cha Mohamed Suleiman Mohamed, kilitolewa na Oxford Nairobi mwaka 1976. Umeokota dhahabu kwa bei ya urojo.

Na si wewe tu unaechanganyikiwa na hilo jina, hata huku kwetu Unguja watu wanachanganya. Said Ahmed Mohamed ndie wa Utengano na Asali Chungu, huyo kaandika vingi hata hesabu inapotea. Mohammed Said Abdulla ndie wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko na swahiba wake Najum. Wako wewe ni wa tatu, na yeye riwaya zake zinazojulikana ni mbili tu, hiyo na Kiu ya mwaka 1972, halafu kuna mkusanyo wa hadithi fupi Kicheko cha Ushindi. Mie naona ndio sababu anasahaulika, mtu akiandika viwili vitatu akanyamaza basi wenye kupanga orodha humruka. Lakini kwa lugha tu, kwa namna anavyokuwekea shamba na mtu wake mpaka ukasikia harufu ya udongo, mie namuweka mbele ya wengi waliojaza makabati.

Kiu kitafute pia. Mna Bahati, mna Idi, mna tajiri mzee Mwinyi, na mapenzi mule ndani yanakwenda kwa hesabu ya pesa. Ni kifupi, utakimaliza kwa siku moja na utakasirika.

Mwengine ni Zainab Burhani. Kwenye jalada utaona Z. Burhani tu, mie miaka yote nikidhani ni mwanamme! Mali ya Maskini wa 1981 na Mwisho wa Kosa wa 1987. Anaandika mambo ya ndani ya nyumba, mkwe na mke, nani kasema nini jikoni, vitu ambavyo waandishi wanaume huvipita kama hawavioni.

Kurasa za mwisho n'nazo. Sikwambii kinachotokea, n'takupigia picha.

Chalii_wa_Ngarenaro:
Wakuu bila kukera mtu, hivi vitabu mnavyovitaja mtu wa kawaida anavipata wapi? Vimeisha chapa miaka hiyo. Mi nasoma simulizi za mtandaoni, fesibuku na magrupu ya wasap, na kuna watu humo wanaandika aisee, sema hakuna anayewaita waandishi. Wanakurushia sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, ukishanasa unaambiwa lipia buku uendelee.

Ila na mimi nina kidonda. Kuna mmoja nilimlipia buku tatu simulizi ya jini na mpangaji wa Sinza, tukaenda mpaka sehemu ya 41, jini kashaingia chumbani, mwandishi akapotea. Namba haipatikani. Huu mwaka wa pili jini yuko chumbani.

MsafiriWaNgalawa:
@Chalii hahaha maskini mpangaji. Ila umesema kweli, na wala si jambo jipya, hata zamani watu walisubiri hadithi gazetini wiki hadi wiki. Ukiona anayeandika vizuri mtaje hapa tumjue.

BintiWaMkomani:
Assalaam aleikum. Naona mwaongea riwaya tu, muulizaji kataja na mashairi.

Mimi ni wa Lamu ila naishi Mombasa. Kwetu kuna mshairi ambae ukienda Amu ukiuliza kila mtu amjua, ukitoka nje ya pwani hakuna amjuae, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, watu humuita Ustadh Mau. Kazi yake alikuwa muokaji mikate, ana bekari, na ni imamu, na katikati ya unga na moto ndio mashairi yakitoka. Mwaka 1974 alitunga Wasiya wa Mabanati, utenzi wa kumuonya binti asidanganywe na wanaume wa maneno matamu. Sisi hatukuusoma, tuliusikia. Ulirekodiwa kwenye kaseti kwa sauti nzuri ya kughani, kaseti ikawa yapita nyumba hadi nyumba, mamangu akiiweka siku ya kufua na sote kimya. Niliuona kwenye karatasi nikiwa mtu mzima na nikaona kama umepungua kitu, mpaka nilipousoma kwa sauti.

Kwa hivyo ndugu muulizaji, ukipata mashairi ya huku usiyasome kimyakimya kama gazeti. Na usiogope lahaja. Ukiona "mato" ni macho, "nti" ni nchi, "ndoo" ni njoo wala si ya maji. Ukishazoea hayo matatu mane masikio yenyewe yafunguka. Mashairi yake mengi sasa yamo kwenye kitabu kikubwa kilichotoka 2023, maelezo yake ni ya kizungu lakini mashairi yenyewe yamo kwa lugha yake, na chapakuliwa bure mtandaoni.

Mwengine ni Ahmed Sheikh Nabhany, tena huyo wengi watumia maneno yake bila kumjua, neno runinga husemwa ni lake. Tafuta Umbuji wa Mnazi, 1985. Ni utenzi kuhusu mnazi, kitu hicho kimoja tu. Utasema mnazi wasemwaje kitabu kizima, lakini kaa ufikirie, kidaka si kitale, kitale si dafu, dafu si koroma, koroma si nazi, na hapo bado hujagusa makuti wala makumbi wala kamba. Mwanangu wa darasa la sita nilimuuliza koroma ni nini akaniambia ni kulala na kutoa sauti 😅 ndipo nikakitoa hicho kitabu kabatini.

Mzee_Kaunta:
Vijana wangu, nimefurahi kuona mazungumzo haya. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Tabora.

Kama mnataka washairi wasiojulikana msitafute kwenye vitabu, wengi hawakupata kitabu maisha yao yote. Walikuwa magazetini. Tangu Mambo Leo iliyoanza mwaka 1923, kisha Uhuru na Mzalendo, kulikuwa na ukurasa wa mashairi, na pale alikuwapo karani wa reli, polisi, mpishi, mwalimu wa dini, kila mtu na lakabu yake na sanduku lake la posta chini. Raha yake ilikuwa kujibizana. Mmoja wa Tanga anauliza fumbo, wiki mbili baadae anajibiwa na mtu wa Kigoma kwa bahari ileile, yaani mtindo uleule wa shairi, na vina vilevile, na wa Mwanza anaingilia kati kusema wote hamjui kitu. Hawajaonana hata siku moja lakini wanataniana kama mabinamu. K. H. A. Akilimali Snow-White alikuwa mmoja wa wale mafahali, yeye alibahatika, diwani yake ilitoka 1963, wengine wameondoka na mashairi yao.

Mimi nilikuwa nakata na kubandika kwenye kaunta buku kwa uji wa ngano. Ninazo tatu. Moja panya wamekula kona ya juu, kwa hiyo mashairi mengi yana kituo lakini hayana kichwa. Mizani, yaani hesabu ya silabi za mstari, nilijifunza kwenye kitabu cha Amri Abedi cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, nahesabu kwa vidole nane kwa nane mke wangu anadhani nahesabu madeni.

Muulizaji umesema Posta. Ukirudi pale usiulize jina la kitabu, uliza magazeti ya zamani, wanakuwa nayo wanayotumia kufungia.

Msomaji254:
Shikamoo mzee. Swali la adabu tu, hizo kaunta buku mbona usipige picha ukaziweka mtandaoni? Panya hawangoji.

Kwa wale wanataka vitu vipya, angalieni washindi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, zamani ikiitwa Mabati-Cornell, ilianzishwa 2014. Mimi ndio njia yangu, naona jina silijui natafuta. Hivyo ndivyo nilipata Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto, yule ajiitaye Jini Kinyonga, mashairi, na N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, Mpemba aliye Ujerumani, hiyo niliisoma nikiwa kibarua Doha na sitaki kusema zaidi. Riwaya kuna Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Si zote zimenikolea, zingine waona mtu anaandikia majaji. Lakini hizo tatu nazisimamia.

Na kwa wapenda mashairi yasiyo na vina, Kithaka wa Mberia. Najua mzee hapo juu atakasirika.

Mzee_Kaunta:
Marahaba. Sikasiriki. Nasema tu kwamba shairi lisilo na mizani ni barua fupi. Barua nzuri zipo.

Kuhusu picha, mjukuu wangu amesema atakuja Desemba na simu nzuri.

BintiWaMkomani:
Mzee usingoje Desemba, mimi najitolea kuchapa, nitumie hata ukurasa mmoja kwa wiki. Hata hayo yaliyoliwa kichwa, tutayapa kichwa.

Chalii_wa_Ngarenaro:
Mi nimepakua hicho cha muoka mikate muda huu. Nimesoma beti tatu kwa sauti kwenye daladala, konda kaniuliza naswali au vipi. Maneno mengine yananipita ila kale ka-mdundo kanashika. Nimeiva.

PekuaKurasa:
Wakuu sijui nishukuruje, nimeandika majina yote nyuma ya daftari la mauzo dukani. Shikamoo mzee Kaunta, mwezi ujao nikishuka Dar nitauliza magazeti kama ulivyosema.

@MsafiriWaNgalawa picha zimefika, nimefunga duka mapema nikazisoma zote nimesimama pale pale nje. Sitasema kitu kwa ajili ya wengine ila Sulubu, aisee, Sulubu. Tatizo moja tu mkuu, picha ya mwisho kabisa kidole gumba chako kimeziba mistari miwili ya chini. Miwili ya mwisho ya kitabu kizima.

MsafiriWaNgalawa:
Astaghfirullah. Umeme umekatika, subiri urudi.