Mrejesho: Agricola, familia sasa inashiba

Wakuu, nimerudi na lile swali langu la Agricola, mchezo wa mezani wa kulima na kufuga: nifanyeje familia isilale njaa kwenye mavuno ya kwanza, mwisho wa raundi ya 4? Aliyesema nikimbilie jiko kabla ya kitu kingine, Mungu akubariki! Nililipa udongo 2, nikabeba kondoo waliokuwa wamerundikana, nikawapika, kila mmoja akatoa chakula 2. Mchezo mzima sikupata hata kadi moja ya ombaomba, ile ya kukosa chakula cha familia, na kila moja hukata pointi 3! Ushauri wa kujenga chumba mapema ndio ulikwama: kinataka mbao 5 na matete 2, na mkiwa wanne mezani matete hugombaniwa mno. Nimeshika nafasi ya pili, viwanja vya shamba nilivyoacha vitupu vimenila pointi. Anayeanza, jiko kwanza. Asanteni sana.