Uzamili wa haki ya jinai nikiwa Mombasa: nichague upi?

Binti_Mtopanga

Wenzangu, salama? Nilisoma sosholojia nikatoka na daraja la pili la chini, na sasa ni msaidizi wa kisheria katika shirika dogo hapa Mombasa. Kazi yenyewe si ya suti. Nashinda nje ya korti, Shanzu zaidi, nikiwaeleza jamaa za washtakiwa kilichosemwa ndani, maana yakisemwa upesi na kwa Kiingereza, mtu hutoka hajui kama mwanawe amefungwa au ameachiliwa.

Kuna jambo limenikaa kooni. Kijana wa Kisauni analetwa, hakimu anampa bondi, yaani aingojee kesi yake nje, na mdhamini mmoja. Mama anatoka akishukuru, anaulizia matatu ya kurudi. Halafu karani anamwambia mdhamini alete hatimiliki ya ardhi au logibuku ya gari. Juzi mama mmoja alinifungulia mfuko wa plastiki mbele ya dirisha la karani: risiti za kodi ya kiwanja, zimekunjwa moja moja, nyingine wino umeshafutika. Nyumba ni yake, kaijenga yeye na marehemu mumewe, lakini ardhi ina mwenyewe. Wa Mombasa mnaijua habari hiyo. Hatimiliki ataitoa wapi? Kijana akapandishwa karandinga, akarudi jela ya Shimo la Tewa, na bondi anayo.

Nataka kusoma uzamili nilifanyie utafiti jambo hili. Sasa kuna kriminolojia, kuna haki ya jinai, kuna usimamizi wa usalama, na ami yangu ananiambia niache yote nianze sheria. Nichague lipi? Nisomee hapa au mtandaoni? Na kazi nitapata, au ni cheti cha kutundika sebuleni?

Askari_Mstaafu

Binti yangu, mimi nimevaa sare ya magereza miaka mingi, kwa hiyo nakwambia la getini tu. Ukija na barua ya chuo peke yake, utaketi kwenye benchi mpaka jua lizame. Idhini ya kuwahoji wafungwa au mahabusu hutoka juu, kwa Kamishna Jenerali kule Nairobi, na kabla ya hapo utaulizwa leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Anza mapema. Mambo ya vyuo waachie wenye vyuo.

Dada_wa_Ripoti

Mdogo wangu, mimi ni afisa wa probesheni, wale wanaosimamia waliohukumiwa kutumikia adhabu nje ya jela, na uzamili nimeumaliza nikiwa kazini, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Kwanza ami yako. Ukitaka kusimama mbele ya hakimu na kumtetea huyo kijana, ana haki: ni digrii ya sheria, kisha Shule ya Sheria ya Kenya, na hakuna uzamili wa kriminolojia utakaokufikisha pale. Uzamili wa sheria nao huombwa na mwenye digrii ya sheria. Lakini ulichoandika wewe si swali la wakili. Sheria kuhusu jambo hilo iko wazi tangu 2010. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kutoka kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito. Mwaka 2015 Idara ya Mahakama ikatoa mwongozo wa sera ya dhamana na bondi, na sisi maafisa tukawa tunaitwa kuandika ripoti za dhamana. Wewe unauliza kwa nini haki iliyokwisha kutolewa haimfikii mtu. Hilo ni la mtafiti.

Majina ya kozi yasikusumbue sana. Kriminolojia huelemea upande wa kwa nini watu huvunja sheria na jamii hufanya nini nao. Haki ya jinai huelemea vyombo vyenyewe, yaani polisi, mashtaka, korti, jela na sisi wa probesheni. Vyuo huvichanganya. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, utaikuta kriminolojia ndani ya sosholojia, na kwa digrii yako hapo ndipo nyumbani. Usimamizi wa usalama sikushauri, unawafaa wanaoelekea kuendesha ulinzi wa bandari, benki na hoteli. Daraja lako la pili la chini si mwisho wa safari. Vyuo vingi huliangalia pamoja na miaka ya kazi, na kazi unayo.

Unachotakiwa kukagua ni ukurasa wa masomo. Tafuta takwimu. Ukikuta kozi yote ni nadharia, kutoka Beccaria, yule Mwitaliano aliyeandika juu ya makosa na adhabu mwaka 1764, mpaka leo, bila somo la kuhesabu, pita. Nadharia utajisomea usiku ukiwa na chai yako. Kuhesabu kunahitaji mtu wa kukukosoa.

Na sababu ni hii. Najua unavyopanga: utaenda Shimo la Tewa, uwaulize mahabusu kwa nini hawajatoka. Pale utawakuta walioshindwa kutoka tu. Aliyepewa bondi ileile, mjomba wake akaja na logibuku siku hiyohiyo, hutamwona. Utamaliza ukisema "wote hawana hatimiliki", na msimamizi wako atakuuliza: waliotoka walikuwa nazo? Utanyamaza. Anzia kwenye rejista ya korti, si jela. Chukua kila aliyepewa dhamana katika kipindi utakachochagua, andika kosa, kiasi, kama ni pesa taslimu au mdhamini, tarehe ya amri na tarehe aliyotoka. Halafu hesabu siku zilizo kati. Wale ambao hawajatoka siku unapofunga kuhesabu usiwatupe, nao ni data, na zipo mbinu za kitakwimu zilizotengenezwa kwa ajili yao. Ndiyo maana nakukazania takwimu.

Kazi? Cheti hakikuongezi cheo siku ya mahafali. Kwangu kimesaidia kwa njia nyingine: nikiandika ripoti, hakimu hanirudishii tena kuniuliza "umejuaje?"

Binti_Mtopanga

Dada, hilo la kuanzia kwenye rejista limenifanya niketi. Nilikuwa nimeshaandika maswali ya mahabusu kurasa nzima.

Je, kusoma nje? Naona matangazo ya kozi za Marekani mtandaoni, "haki ya jinai kwa mwaka mmoja".

Tudor_Mpaka_UK

Nilipita njia hiyo, nikujibu. Kule Marekani kozi za namna hii ndizo huitwa haki ya jinai hasa, na wasomaji wengi ni watu walio kazini: polisi, maafisa wa probesheni, wa magereza. Vipo vyuo vya kweli vinavyofundisha mtandaoni. John Jay College cha New York ni kimoja. Lakini mengi utakayosoma ni mfumo wao: mahakama za majimbo, masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kuchaguliwa kwa kura, wazee wa baraza kumi na wawili. Ukirudi Shanzu hakuna hata mmoja wao. Uingereza uzamili ni mwaka mmoja wa kuhudhuria, na University of Leicester husomesha kriminolojia kwa masafa.

Ada ndiyo ngoma. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipa yote kwa kusoma huko, ila wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Wewe inakufaa, maana uzoefu unao na swali liko huku. Kwa chuo chochote cha nje, kabla hujalipa hata shilingi, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama wanakitambua. Kuna vyeti vinang'aa kuliko vinavyofaa.

Ukibaki nchini, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo wa uzamili. Na ujipange kwa tasnifu. Masomo ya darasani watu humaliza. Kwenye tasnifu ndipo wanapopotelea, simu ya msimamizi haishikwi, mwaka unapita.

Askari_Mstaafu

Nirudi kidogo. Binti, ukifika kuwahoji mahabusu, usimwulize alifanya nini. Kesi yake haijaisha. Mteja na wakili wake wana siri inayolindwa na sheria; wewe mtafiti huna kinga hiyo. Korti ikikuita useme ulichoambiwa, utasema nini? Muulize nani alikuja kumdhamini na akarudishwa kwa lipi. Basi.

Dada_wa_Ripoti

Mzee amesema kweli, na hata kamati ya maadili ya chuo itakuuliza hilohilo.

Niongeze moja, Binti. Lile daftari lako la kazini, lenye majina ya akina mama na yaliyowapata, si data. Walikueleza ukiwa msaidizi wao, hawakukubali kuwa utafiti. Ukiyataka, rudi kwao na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, baada ya chuo kukupitishia pendekezo na NACOSTI kukupa leseni. Sasa hivi fanya dogo: omba kuonana na mkuu wa masjala ya korti, umuulize kama rejista huandika tarehe ya mtu kutoka. Kama haziandikwi, utazipata kwenye faili moja moja, na hapo usichague kipindi kirefu.

Binti_Mtopanga

Masjala nitaenda Jumatatu, karani wa pale tumezoeana. Ami nitamwambia sheria isubiri. Tudor, nikutumie barua yangu ya Chevening uitazame?

Tudor_Mpaka_UK

Itume. Dirisha lao hufunguliwa Agosti, kwa hiyo ukiianza sasa hujachelewa. Na usiianze na "tangu utotoni nilipenda haki". Ianze na ule mfuko wa risiti.