Blenda yenye nguvu kwa jikoni la nyumbani: niangalie nini kabla ya kununua?

MpishiKisumu
Hamjambo wote. Naishi Kisumu na ninatafuta blenda ya familia ya watu sita. Juisi ya maembe hainisumbui, kwa kuwa blenda yoyote huimudu. Hitaji langu ni kusaga njugu karanga na simsim hadi zilainike kabisa, niungie osuga na mboga nyingine za kienyeji. Katika maduka ya Barabara ya Oginga Odinga nimeona masanduku yaliyoandikwa wati 600, 1500 na hata 4500, na ajabu ni kwamba ile ya 4500 inauzwa kwa bei ya chini kuliko nyingine ya 800. Je, nambari hizi zinaaminika?

FundiNakuru
Dada, hiyo ya 4500 iache palepale. Umeme wetu ni wa volti 240, na plagi ya miguu mitatu hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukizidisha unapata wati 3,120. Mashine ya wati 4500 ingehitaji karibu ampea 19, ambazo plagi hiyo haikuundwa kuzibeba, kwa hiyo maandishi hayo hayawezi kuwa ya kweli.

Hata pale nambari inapokuwa sahihi, wati ni kipimo cha umeme unaoingia, wala si nguvu inayofika kwenye visu, na mara nyingi sanduku hutaja kilele ambacho mota hukifikia kwa muda mfupi tu inapolemewa. Mwombe muuzaji aigeuze mashine, usome kibandiko kilicho chini yake. Baadhi huwa na herufi KB zikifuatwa na dakika; KB 1 min maana yake ni kwamba mota isizungushwe zaidi ya dakika moja kabla ya kupumzishwa. Kwa njugu, mimi huliona hilo kuwa muhimu kuliko wati, kwa sababu kitu kizito huichosha mota na joto ndilo huunguza nyaya zake. Angalia pia kile kiungo chenye meno kinachokutanisha mota na jagi: kikiwa cha plastiki laini kitalika, basi uliza mapema kama kipuri chake kinapatikana mjini.

MwalimuKakamega
Naongeza jambo moja kwa wanaoletewa blenda na jamaa walio Marekani. Vitamix na Blendtec ni mashine imara sana, lakini zinazouzwa kule ni za volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja hapa kwetu mota itaungua. Itahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati za mashine yenyewe, nayo ni nzito na ya gharama. Ni afadhali kutafuta toleo la volti 220 hadi 240.

MpishiKisumu
Asanteni sana. Fundi, ukichukua kazi yangu hiyo, ungeanzia wati ngapi? Na je, tokeni hazitaisha haraka?

FundiNakuru
Ningetafuta kati ya 800 na 1200 zilizoandikwa kwenye kibandiko chenyewe. Kuhusu tokeni usiwe na wasiwasi: wati 1000 kwa dakika tatu ni uniti 0.05, yaani utasaga mara ishirini ndipo uniti moja iishe.

MamaWaNjoro
Dada yangu, umbo la jagi nalo lina uzito wake. Jagi pana likiwekwa njugu kidogo, zote hurushwa ukutani na visu hubaki vikizunguka hewani. Chagua lenye kitako chembamba, au mashine inayokuja na kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu. Kaanga njugu, uziache zipoe kidogo, kisha uzisage zikiwa bado na uvuguvugu, maana mafuta yake hutoka kwa urahisi zaidi. Zima kila baada ya muda mfupi, ukwangue kando kwa mwiko, uendelee. Maji usitie kabisa ikiwa unataka kuziweka njugu hizo akiba, kwa sababu zitaharibika upesi.

MpishiKisumu
Nimeelewa, mama. Jumamosi nitakwenda dukani kusoma vibandiko, na nikipata yenye kikombe kidogo nitawaandikia maelezo yake hapa kabla sijalipa.