Tupeane uzoefu: shairi gani lilikuchenga darasani?

Naanza miye. Kidato cha tatu, mwalimu wetu mtu wa bara alileta tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya mtungaji wa mtaani, mshororo wa kwanza: "Ndoo mwandani wa ndani, ndoo nikupe habari." Mwenzangu akaandika kuwa ndoo ni ishara ya kiu ya mapenzi. Akapewa alama mbili! Sisi wa Mji wa Kale tulicheka hadi machozi, maanake kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, hiyo ni njoo tu. Lakini nami nilianguka: kila ndoo niliihesabu silabi moja, nikaandika mizani (idadi ya silabi za mshororo) 14. Kumbe ndo-o, mbili. Nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane utao (nusu ya pili).

*Wa Likoni:* Miye ilikuwa "mtu" na "mbuzi". Ile m ya mtu ni silabi peke yake, ya mbuzi imeegemea bu. Nilikuwa feri nahesabu kwa vidole, mzee mmoja akanambia, "Mwanangu, liimbe kwanza. Sauti ikikwama ujue umekosea hesabu." Tangu hapo sikosei.

*Binti Makadara:* Swali: fafanua uhuru wa mshairi. Nikajaza ukurasa mzima kuhusu katiba na uhuru wa kusema 😂 Kumbe wataka inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti yake, silabi zibaki zile zile). Inkisari ni kama "nendapo" badala ya "niendapo", silabi moja imekatwa mizani itimie.

*Mwalimu Mstaafu:* Mwacheka, lakini kinachonichosha ni mwanafunzi huyu: "Shairi lina beti tano, kibwagizo ni kifupi, hivyo ni msuko." Nukta. Haya, msuko ni shairi ambalo kibwagizo, mshororo wa mwisho wa ubeti, ni kifupi kuliko mingine. Lakini kifupi kwa nini? Mishororo mitatu yalalama kwa mizani 16, wa nne una nane tu, kama mtu aliyekatizwa kauli. Hapo ndipo maana ilipo, naye kapita kama matatu isiyo na abiria wa kushuka. Na msome huku mkijua mtungaji aliishi wapi na lini. Tungo za Muyaka bin Haji zatoka Mvita hii, zama za vita vya Mazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Oman. Ukimsoma bila vita hivyo, fumbo lote utalidhania mapenzi.

*Wa Likoni:* Mwalimu, na ndoo je? Ungetoa alama ngapi?

*Mwalimu Mstaafu:* Sufuri. Ila hoja ya kiu ningeitilia mstari. Ni nzuri, haina shairi tu.

*Kijana wa Kibokoni:* Huyo wa ndoo ni mimi. Alama zangu mbili sizirudishi.