Mke anakuja Lubumbashi siku 9, mfuko mwembamba: nimtoe wapi?

Kutoka: Karani wa Kampemba

Shikamooni wakubwa, wengine poleni na kazi.

Mimi ni karani wa stoo ya vipuri huku Kampemba, nina miezi minane tangu nivuke Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Mke wangu anakuja mwisho wa Septemba kwa basi kutoka Mbeya, anafika Jumamosi na kuondoka baada ya Jumapili ya pili. Tangu tufunge ndoa hatujawahi kukaa siku tisa mfululizo bila mama mkwe chumba cha pili, kwa hiyo nataka iwe kama fungate iliyochelewa.

Tatizo mnalijua. Huku hela inaingia kwa dola na inatoka kwa dola. Mwezi wa nne wenzangu wa kazini walinikokota kwenye mgahawa mmoja mjini, ile ya watu wa migodi, menyu Kifaransa kitupu. Nilikula nusu kuku na viazi, nikalipa dola 28, nikarudi nyumbani nikapika uji maana njaa ilikuwa palepale.

Nina Jumapili mbili na Jumamosi moja ya nusu siku. Fungu la mitoko yote ni dola 60. Yeye si mtu wa baa. Ni shabiki wa Simba wa kufa na kuzikana, anapenda kutembea kwa miguu na anapenda kuuliza maswali. Nisaidieni.

Kutoka: Mzee wa Duka, Kamalondo

Marahaba mdogo wangu. Niko mji huu tangu 2012, nilikuja na lori, lori likaondoka.

Kabla ya mitoko, noti. Dola yenye mchaniko hata wa upana wa ukucha hawapokei hapa, na zile za dola moja moja wengi hawazitaki. Mwambie shemeji akague kila noti kabla hajatoka Mbeya. Kisha wewe badilisha mapema, upate franka ndogondogo, kwa mbadilishaji unayemzoea. Maji, nyama, pikipiki, vyote ni franka. Ukitoa noti ya dola 20 kwa kitu cha dola mbili umeshajitangaza mgeni, na chenji utarudishiwa kwa kiwango anachokipenda muuzaji.

Sasa Simba. Kwa hapo kazi yako nusu imekwisha, maana huu ndio mji uliomchukua Samatta kutoka Simba mwaka 2011. Mpeleke Kamalondo, uwanja wa TP Mazembe, hata siku isiyo na mechi akauone kwa nje. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, na USM Alger, Samatta alifunga kule Algiers, wakaja kumalizia hapa, akafunga tena kwa penalti. Likawa kombe la tano la Mazembe baada ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Mimi nilikuwa jukwaani. Mtu nisiyemjua alinikumbatia akinipongeza mimi, eti kwa sababu nimetoka Tanzania, kana kwamba nimemzaa Samatta mwenyewe. Wiki nzima hiyo sikulipia chai. Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwenzake, naye alikuwa humohumo kikosini, tulijiona wenye mji.

Kukiwa na mechi ya ligi, chukua tiketi za jukwaa la bei ya chini, nendeni saa mbili kabla. Mashabiki wenyewe ni mchezo wa kwanza. Ila ikiwa ni Mazembe na Lupopo, watani wao wa mjini humuhumu, kaeni nyumbani. Ile si mtoko.

Kutoka: Mama Fundi, Kenya

Nimesoma jibu la Mzee nikacheka. Mwanamke ametoka Tunduma, ameivuka Zambia nzima amekaa, kesho yake unampeleka kwenye ngoma na filimbi? Karani, Jumapili ya kwanza mwache alale. Pika wewe. Bukari, yaani ugali wa huku, sombe, yaani kisamvu, na samaki. Gharama ni makaa tu, na hatausahau kwa sababu najua kwenu hujawahi kushika mwiko.

Kati ya wiki, ukitoka kazini mapema, mlete soko la Kenya. Mtaa, si nchi. Mweleze kabla, maana ukimwambia "kesho twende Kenya" atadhani anapakiwa tena kwenye basi. Mwache achague kitenge mwenyewe, apatane bei mwenyewe, wewe beba mfuko na unyamaze. Wanaume mnaharibu bei kwa kuangalia saa.

Na mwandae kwa lugha. Huku "bibi" ni mke. Wiki yangu ya kwanza, mama muuza nyanya aliniuliza bwana yangu ana "babibi bangapi". Mimi nikajua anauliza mambo ya ukoo. Nikamjibu alikuwa nao wawili, wote wametangulia mbele za haki. Yule mama alinishika mkono, akaniangalia kwa huruma na woga kidogo, akanipa fungu la nyanya bure. Nilikuja kuelewa baada ya mwezi mmoja kwamba alidhani mimi ni wa tatu na zamu yangu inakaribia.

Kutoka: Dereva

Kuna watu watakutajia Kipopo, mabwawani nje ya mji. Pazuri, hewa safi. Lakini gari la kukodi kwenda na kurudi litakula fungu lako lote. Mpaka mchange watu wanne. Haya, nipo foleni Kasumbalesa, siku ya pili leo, mtandao unakatika.

Kutoka: Shemeji yenu wa Kamalondo

Jambo yenu bote. Miye ni mwana wa Kamalondo, bibi yangu njo Mutanzania, njo maana niko kati yenu. Mama Fundi, ile ya babibi imeniua.

Karani, Mzee anasema bya kweli, lakini siku ya Mungu haianzake ku stade, inaanza ku misa. Kisha misa batu banavaa bizuri, banatembea mu ville polepole, bwana anaonyesha bibi yake, bibi anaonyesha bwana yake. Ile haina makuta, haina feza. Piga pasi shati, pakala viatu, mushike mukono. Kisha muende kula michopo pa barabara, mbuzi ya pa makala na pilipili, na munkoyo ya baridi, kinywaji ya mahindi, kama yeye hakunywake pombe. Uliza bei mbele ya kula, hapana nyuma ya kula! Na utafute fasi yenye batu mingi. Pa batu mingi nyama haina ya jana.

Kutoka: Mwalimu

Kwa mtu anayependa kuuliza maswali, hiyo Jumamosi ya nusu siku itumie mjini kwa miguu. Mwisho wa Septemba jakaranda zinaanza kuchanua, barabara zinageuka zambarau, na hilo halina kiingilio.

Anzeni Makumbusho ya Taifa. Mwonyeshe misalaba ya shaba. Watu wengi wakisikia msalaba wanafikiri kanisa, kumbe ile ilikuwa fedha ya Katanga, watu walinunulia na kutolea mahari kabla Mbelgiji hajachimba hata shimo moja. Simama naye hapo muda mrefu. Ninyi mnahesabu dola zenye mchaniko. Wenzetu walikuwa na noti ya shaba isiyochanika.

Kisha shukeni taratibu: kanisa kuu la Petro na Paulo la matofali mekundu, sinagogi la 1930, jengo la tamthilia la mwaka 1956 ambalo mpaka leo linaonekana kama limejengwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika kesho. Mji wenyewe ulianza 1910, mwaka reli ilipofika hapa kutoka kusini, ukiitwa Élisabethville. Jina la sasa, ambalo ni la mto, lilikuja 1966. Mkifika mahali panapoonekana bomba refu la Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, muulize shemeji kile kilima cheusi kando yake ni mlima gani. Atakosa. Ni takataka ya shaba, mabaki ya tanuru lililowashwa 1911.

Ulizeni pia ratiba ya Halle de l'Étoile, ukumbi wa Wafaransa. Mara nyingi kuna muziki au filamu kwa kiingilio kidogo au bure. Mji huu una wachoraji tangu zamani: Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walitokea kwenye karakana ya uchoraji iliyofunguliwa hapa 1946, na tangu 2008 kuna Biennale ya sanaa, maonyesho ya kila baada ya miaka miwili. Kama mwaka huu ipo, mtakuwa mmepata bahati.

Zawadi: pete au ushanga wa malakiti, jiwe la kijani lenye mistari. Lishike kiganjani. Jiwe la kweli ni baridi na zito, la plastiki linapata joto lako haraka.

Onyo moja. Msipige picha ofisi za serikali, askari, reli wala daraja. Jirani yangu alipiga picha ya jakaranda. Nyuma ya jakaranda kulikuwa na geti. Ua lile lilimgharimu mchana mzima wa kujieleza na pesa ya "maji".

Kutoka: Karani wa Kampemba

Asanteni sana. Mama Fundi, sombe inapikwa muda gani? Ya kwangu jana ilikuwa kama majani ya ng'ombe.

Kutoka: Mama Fundi, Kenya

Itwange kwanza, mwanangu. Twanga mpaka mkono uchoke. Halafu ndiyo uanze kuhesabu saa mbili.

Kutoka: Karani wa Kampemba

Wakubwa, ripoti. Ameondoka jana.

Basi lilikwama mpakani, akafika Jumapili saa tano usiku badala ya Jumamosi. Jumapili ya kwanza ikaenda hivyo, na sombe niliyoitwanga Jumamosi tuliila Jumatatu. Alisema ni tamu. Alikula bukari mara mbili, sombe mara moja. Nimeelewa.

Sokoni alikaa saa tatu. Kila muuzaji alitaka amsikie akiongea "Kiswahili ya ku kitabu", wakawa wanamwomba arudie maneno, na bei inashuka kwa kila neno. Amenunua vitenge vitatu kwa hela niliyopanga kimoja. Mama Fundi, kimoja kiko kwako, najua umeshamwambia siri zangu zote.

Mazembe walikuwa ugenini. Tukaangalia kwenye televisheni pale Kamalondo, mahali pa michopo penye watu wengi kama alivyosema Shemeji. Kabla ya mechi akaona kreti za bia ya Simba zimepangwa hadi darini, simba mkubwa ubavuni. Akasimama akapiga picha, akaituma kwenye kundi la mashabiki wenzake: "Tuna tawi hadi Kongo." Hajawaambia bado kwamba ni bia. Mzee mmoja wa meza ya pili aliposikia tunatoka kwa Samatta alituhamia na kiti chake. Tulimsikiliza kuliko mechi. Kidiaba, kipa wa Mazembe, akishangilia kwa kurukaruka ameketi chini, Abu Dhabi 2010, fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Inter, yote aliyaeleza kwa kuonyesha, pamoja na ule mruko, na ana miaka sabini hivi.

Jumamosi tulitembea kama Mwalimu alivyopanga. Kwenye misalaba ya shaba aliniuliza mahari yake ingekuwa misalaba mingapi. Nimejibu vibaya. Tusiendelee na hilo.

Kitu nisichokipanga: Alhamisi alitaka kuja stoo. Nikamwambia hakuna cha kuona, ni maboksi. Akaja. Alikaa juu ya kreti la pedi za breki saa mbili, akiuliza kila kipuri kinakwenda gari gani, nani aliyeagiza, mimi nakaa wapi, nakula wapi mchana, huyu anayeniazima kalamu ni nani. Usiku wake ndipo aliponiambia kwamba miezi minane akinipigia simu alikuwa anaongea na mtu asiyejua amesimama wapi.

Hesabu: dola 43 zimetumika, pamoja na pete ya malakiti, ambayo ilikuwa baridi, nimeipima.

Jumapili ya mwisho, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, akasema sasa nionyeshe mgahawa wa kuku wa dola 28. Si kuingia, kuuona tu. Tukasimama nje, anasoma menyu iliyobandikwa, anacheka kila mstari. Mlinzi akaja kwa heshima, akauliza tunamngoja mtu? Mke wangu, kwa Kiswahili chake safi cha Mbeya, akajibu: "Ndiyo, tunamsubiri bibi yetu."

Mlinzi akanitazama mimi. Akamtazama yeye. Akatufungulia mlango, na sisi tukaondoka haraka kabla hajauliza ni yetu kivipi.