Mahojiano ya ajira yafutwe au yaendelee? Naanza na ufutio wangu mwenyewe

Mwandiga (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli. Nasema hivi: haya mahojiano ya ana kwa ana tunayoajiria watu, ama yafutwe ubaki mtihani wa kuandika na wa vitendo, ama wanaohoji wawekewe masharti magumu. Kwa hali ilivyo tunabahatisha, tena tukiwa tumevaa tai.

Naanza na kosa langu. Nilikaa kwenye kamati ya watu 3 tukitafuta mtunza stoo, sehemu sitaitaja, hapahapa Kigoma mjini. Waombaji walikuwa 7. Wa tatu kuingia alikuwa kijana mrefu, shati limenyooka, anaongea kama mtangazaji wa redio. Nilimpa 6 kati ya 10, maana nilipomuuliza atafanyaje leja ikionyesha mifuko 40 na stoo ina 37, alizunguka mbuyu hadi nikasahau swali. Akatoka. Mlango haujatulia, mwenyekiti akaegemea kiti: "Huyu nimempenda. Anajiamini." Hakuna aliyemjibu. Nikasikia kushoto kwangu sauti ya ufutio kwenye karatasi. Mwenzangu anafuta. Nami nikageuza penseli, nikafuta, nikapuliza vumbi, nikaandika 8. Baadaye tukajumlisha, tukagawa kwa 3, tukaandika kwamba kamati ilikubaliana kwa kauli moja. Kweli ilikuwa kauli moja, ya mwenyekiti.

Sasa kuna mwanasaikolojia anaitwa Daniel Kahneman, alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 90. Maisha yake yote alichunguza jinsi binadamu anavyopima mambo na anavyojidanganya akipima. Mwaka 1955, kijana wa miaka 21, jeshi la Israel lilimpa kazi ya kutengeneza upya usaili wa makuruta. Wasaili wa wakati huo walikuwa wakipiga soga na kijana kama dakika 20, kisha wanasema huyu atafaa, huyu hapana. Matokeo yalipofuatiliwa, utabiri wao ulikuwa karibu na bure. Kahneman akapanga sifa 6. Kila sifa ina maswali yake kuhusu mambo ambayo mtu amekwisha kuyafanya, na kila moja inapewa alama 1 hadi 5 kabla ya kugusa inayofuata. Wasaili walikasirika, wakamwambia anawageuza kuwa maroboti. Akawapoza: fuateni utaratibu, mkimaliza kila kitu fumbeni macho, mumwone huyo kijana akiwa askari, mumpe alama moja ya jumla.

Miezi ilipopita, utaratibu mpya ukauzidi ule wa zamani kwa mbali, ingawa haukuwa muujiza. Na kilichomshangaza mwenyewe ni kwamba ile alama ya kufumba macho nayo ilitabiri vizuri, sawa na jumla ya zile 6. Ila ilikuja mwisho, baada ya kazi ya kuhesabu. Sisi tunaanza kwa kufumba macho.

Afisa Mstaafu

Kijana, nimeajiri watu toka wakati barua zinapigwa kwa taipureta. Karatasi haikuonyeshi mtu mwenye dharau. Haikuonyeshi anayenuka pombe saa 3 asubuhi. Mimi mtu akiingia, akivuta kiti tu, nimeshamjua nusu. Hilo ni jicho, halifundishwi na Mzungu aliyekuwa akihoji makuruta. Ulifuta alama kwa woga wako, usiusingizie usaili.

Mwandiga

Mzee shikamoo. La woga nalipokea, ni kweli.

Mvuvi wa Kibirizi

Mzee wangu, jicho nalikubali. Mimi nikitazama mawingu upande wa Kongo jioni najua kama usiku tutaweza kuingia ziwani au tutalala. Nalitazama ziwa hili toka nikiwa mtoto wa kukinga maji mtumbwini. Lakini jicho langu limefundishwa kwa viboko. Nikikosea, ziwa linaniambia usiku uleule, na nikirudi bila dagaa mke wangu ananiambia asubuhi. Naomba kuuliza kwa heshima: wewe ukimkataa mtu, ni nani anakuja kukuambia kwamba ulikosea?

Mwandiga

Mvuvi umemaliza. Na hilo Kahneman alilibishania na mwenzake, Gary Klein, mtu aliyesoma jinsi makamanda wa zimamoto wanavyoamua kwa haraka ndani ya moto. Klein anasifu jicho la mzoefu, Kahneman halisadiki. Badala ya kutupiana maneno walikaa pamoja miaka kadhaa, mwaka 2009 wakaandika makala moja wakikiri kwamba wameshindwa kutofautiana. Walichokubaliana ni kwamba jicho la mzoefu ni la kuaminika pale mambo yanapokwenda kwa mpangilio unaojirudia, na mtu akawa anapata jibu la kosa lake mapema na mara nyingi. Ziwa na mvuvi vimo humo. Kamati ya ajira haimo: mliyemkataa anapanda treni kurudi Tabora, hamumwoni tena maisha.

Binti Buhigwe

Mimi niko upande wa waliokataliwa, naomba nafasi. Nilitoka kijijini saa 10 usiku, nikafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Swali la kwanza: "Jieleze kwa Kiingereza." Kazi yenyewe ni ya kupokea wagonjwa, na wagonjwa wenyewe wanaongea Kiha na Kiswahili. Nikajikwaa, mmoja akacheka puani, na kuanzia hapo hata nilivyokuwa navijua vikaniponyoka. Kwa hiyo mzee, jicho lako lingenikata kabla sijakaa.

Ila na wewe Mwandiga usituuzie fomu kama dawa. Nimekwenda kusoma hizo sifa 6 za Kahneman. Unajua moja ilikuwa nini? Fahari ya kiume! Sasa huyo ndiye alikuwa anawatibu wenzake upendeleo. Fomu ina mwandishi. Akiandika "Kiingereza fasaha, alama 5" mimi nimekatwa kwa utaratibu mzuri kabisa, bila hata mtu wa kumlaumu.

Mwalimu wa Hesabu, Kasulu

Naongezea chumvi kwenye kidonda. Huyo Kahneman wenu naye aliteleza. Kitabu chake cha 2011 kilikuwa na sura nzima ya majaribio kama lile la kwamba ukimsomesha mtu maneno yanayohusu uzee atatembea polepole. Wengine wakayarudia, mengi hayakusimama. Mwaka 2017 alikiri hadharani kwamba aliamini mno tafiti za watu wachache. Na yeye ndiye aliyeandika na Amos Tversky, mwanasaikolojia mwenzake, miaka ya nyuma huko, kuwaonya wanasayansi wasiamini sampuli ndogo!

Namvulia kofia kwa kukiri. Wangapi kwetu wanakiri?

Lakini lile la namba ya kwanza kuvuta zinazofuata, hilo limerudiwa na wengine na limesimama. Kahneman na Tversky walizungusha gurudumu lililochezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu, kisha wakauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioona 10 walikisia kama 25, walioona 65 wakakisia kama 45. Gurudumu la bahati nasibu! (Leo tuko 54 kati ya 193, asilimia 28.) Mwenyekiti wa Mwandiga ndiye gurudumu. Sihitaji nadharia nyingine.

Mvuvi wa Kibirizi

Hilo la namba ya kwanza kila mchuuzi wa migebuka analijua. Ukimwacha mteja ataje bei kwanza, umeumia.

Afisa Mstaafu

Nauliza tu, huyu bwana ni nani hasa mpaka awe kipimo? Mtu wa vitabuni?

Mwandiga

Mzee, si wa vitabuni tu. Alizaliwa Tel Aviv 1934, akakulia Paris, na Wajerumani walipoiteka Ufaransa alikuwa mtoto wa Kiyahudi anayelazimika kushona nyota ya njano kwenye nguo. Anasimulia kwamba jioni moja alichelewa kurudi, kageuza sweta nyota isionekane, akakutana na askari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoogopwa. Yule askari akamwita, akamnyanyua, akamkumbatia, akamwonyesha picha ya mtoto wake na kumpa hela. Kahneman alifika nyumbani akiwa na hakika kwamba mama yake alisema kweli: binadamu ni kitendawili kisichoisha. Tversky alifariki 1996, kwa hiyo tuzo ya Nobeli ya uchumi ya 2002 hakuiona, na Kahneman alisema wazi kwamba kazi ile ilikuwa ya wawili.

Askari yule alimtazama mtoto kwa jicho la mzoefu, akaona mtoto wake.

Binti Buhigwe, umenirekebisha na sina ubishi. Nilianza nikitaka yafutwe, sasa nasema sifa zipangwe na walioifanya kazi hiyo, na zibandikwe ukutani kabla ya waombaji kuitwa, watu wazipinge mapema. Kila msaili aandike alama peke yake, akabidhi karatasi, ndipo mtu afungue mdomo. Mwenyekiti aseme wa mwisho.

Afisa Mstaafu

La mwenyekiti kusema mwisho ni la wazee wetu, hata barazani mkubwa hakuanza kusema. Hilo nalikubali. Hayo mengine bado.

Binti Buhigwe

Na huyo mtunza stoo mrefu, aliishia wapi?

Mwandiga

Yupo, anafanya kazi. Ni mtu mzuri, si mwizi, leja yake tu ndiyo inatutoa jasho kila mwisho wa mwezi. Wale 6 tuliowakataa sijui walipo, kwa hiyo hata leo siwezi kukwambia kama tulikosea.

Jumatatu tunahoji karani. Nimechapa fomu ya sifa 5, na penseli nimezikusanya zote, tutatumia kalamu ya wino. Mwenyekiti kakubali. La kufumba macho kalikataa, anasema mwombaji akichungulia atadhani amelala.