Masta ya elimu huku unafundisha, inawezekana kweli?

Ticha_Arua: Walimu wenzangu habari za huko. Nafundisha historia sekondari hapa Arua, Uganda, digrii ninayo, sasa nataka masta ya elimu lakini kazi siachi, watoto watakula nini. Kuna mtu amesoma wakati wa likizo? Na mshahara unapanda kweli ama ni cheti cha kutundika ukutani tu?

MamaTororo: Kaka, masomo ya likizo yapo ila ujue likizo yako ndo imeisha hivyo, Mei, Agosti, Desemba wenzako wako shambani we uko darasani. Na kinachochelewesha watu si masomo ni utafiti, supavaiza anakaa na chapta yako miezi we unapiga simu tu. Chagua mada unayoweza kuifanyia shule za jirani, usijitafutie nauli za bure.

busia_boy: Kabla hujalipa hata shilingi angalia tovuti ya NCHE, lile baraza la taifa la elimu ya juu, kama kibali hakijaisha, si cha chuo, cha KOZI yenyewe. Mshahara sasa... 2022 walimu wa sayansi wenye digrii walipandishiwa mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa atsi, yaani masomo kama historia na lugha, tukagoma tukarudi darasani mikono mitupu hahaha. Masta naona inasaidia zaidi ukitaka uhedmasta ama kufundisha chuo.

Ticha_Arua: Duh. Ada mnalipaje?

MamaTororo: Kwa mafungu, ingine nilikopa sako ya walimu, kile chama chetu cha kuweka na kukopa. Usiguse wale wakopeshaji wa mtaani wanaoshika kadi ya benki